Ndani ya Kila Mtutu wa Kaboni Kuna Chuma

Karibu kila anayeniuliza kuhusu mitutu ya kaboni huanza akiamini kwamba kuna vitu viwili tofauti vya kuchagua, huku chuma, kule kaboni. Mtutu wa bunduki ya kuwindia unaouzwa kwa jina la kaboni ni mtutu wa chuma uliokerezwa hadi ukakonda, ukazungushiwa nyuzi za kaboni zilizolowa gundi ya epoksi, ukaokwa mpaka gundi ikawa ngumu, kisha ukasuguliwa. Risasi inapita ndani ya chuma kile kile, mara nyingi aina ya 416R isiyoshika kutu kirahisi, ambayo utaikuta pia kwenye mtutu mzuri wa chuma mtupu. Kaboni na risasi hazikutani kabisa.

Nimelitanguliza hili kwa sababu likishaeleweka maswali mengi yanajibika yenyewe. Linalobaki ni kama chuma hicho unakitaka kinene, chembamba, au chembamba kilichofungwa kaboni. Na hiyo kaboni inafanya kazi gani, na inamfanyia nani.

Mimi ni fundi wa kukereza vyuma. Ufundi nilijifunzia Tanga, na sasa riziki yangu iko kwenye karakana moja ya Aurora, mji ulioshikana na Denver, Colorado. Siku za kazi natengeneza vipuri vya pampu. Jumamosi nyingi namsaidia fundi bunduki mmoja mwenye leseni, mzee wa hapa hapa, kukata thredi, yaani meno ya skrubu, kwenye midomo ya mitutu na kuchonga chemba, yaani chumba cha nyuma risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Oktoba ikifika naingia milimani kutafuta elki. Kwa asiyemjua, ni mnyama wa jamii ya kulungu lakini dume lake huvuka kilo 300, na Colorado ndilo jimbo lenye elki wengi kuliko majimbo yote ya Marekani.

(Kwa ndugu zetu waliofika karibuni: mwenye grinikadi anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua bunduki ya kuwindia. Aliye na viza ya muda, iwe ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa hata kuimiliki, isipokuwa akiwa ndani ya misamaha michache, na mmoja kati ya hiyo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Colorado nayo inadai cheti cha mafunzo ya usalama kwa mwindaji yeyote aliyezaliwa Januari 1, 1949 au baada ya hapo. Muone mwanasheria kwanza, dukani uende baadaye.)

Siku moja mteja alituachia mtutu wa kaboni uliokwisha kazi, wa kalibari (aina ya risasi) ya .300 Winchester Magnum, moja ya zile zenye baruti nyingi tunazoziita magnamu. Alikuwa amefungiwa mpya na ule wa zamani hakutaka hata kuurudisha nyumbani. Mzee akanitazama, akauelekeza kwenye grinda. Nikavaa barakoa, maana vumbi la kaboni si la kuvuta, likikaa kwenye ngozi linawasha, na likiingia ndani ya mota ya mashine linapitisha umeme. Nikaubana kwenye jiliwa, nikawa namwagia maji taratibu huku nakata. Kaboni ililika haraka, ikatoa tope jeusi. Jiwe lilipofika kwenye chuma sauti ikabadilika na cheche zikaanza. Nilichukua kipande kimoja cha karibu na mdomo na kingine cha katikati, nikavisugua nyuso zake kwa msasa laini hadi zikang'aa.

Pete mbili zilijitokeza. Ya ndani ilikuwa ya chuma, na michirizi inayoizungusha risasi ilionekana vizuri. Nilipopima kwa venia, ukuta wa chuma ulikuwa milimita 3 na ushee. Pete ya kaboni ilizidi milimita 4. Kati yake palikuwa na mstari mwembamba wa gundi, bila mwanya. Na ndani ya kaboni, ukigeuza kipande kwenye mwanga, unaona tabaka: nyingine nyuzi zake zimelala kufuata urefu wa mtutu, nyingine zimezunguka mshazari. Vipande vile bado viko juu ya meza yetu. Mteja akianza hotuba aliyoisoma kwenye tangazo, mzee hambishii, anamkabidhi kipande kimoja akishike.

Kwa hiyo unalipia nini? Unalipia kipenyo. Ugumu wa fito dhidi ya kupinda hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne, kiasi kwamba kipenyo kikiongezeka mara moja na nusu tu, ugumu wa fito ya kitu kile kile huongezeka mara tano. Mtutu mgumu hutikisika kidogo risasi inapopita, na hausumbuliwi sana na kitu kilichoning'inizwa mdomoni kwake. Tatizo la kunenepesha kwa chuma ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina karibu gramu 7.8, ya kaboni iliyogandishwa kwa epoksi ina kama 1.6. Kaboni haina ugumu wa chuma kwa kila upande, kwa hiyo ile mara tano huipati yote, ila unapata sehemu kubwa yake kwa moja ya tano ya uzito wa unene huo ungeuongeza kwa chuma.

Hapo ndipo matangazo yanapocheza. Wanachukua mtutu wa kaboni wenye kipenyo cha milimita 23 mdomoni, wanauweka kwenye mizani pembeni ya mtutu wa chuma wenye unene wa kukaribiana nao, wanakuonyesha tofauti. Ni kweli, tofauti ipo. Mtutu mnene wa chuma wa inchi 24 una kama kilo 2, na wa kaboni una kilo 1.3 au 1.4. Ila mwindaji wa milimani kwa kawaida habebi mtutu mnene wa chuma. Anabeba mwembamba, wenye milimita 14 au 15 mdomoni, ambao una kilo 1.1 au 1.2. Ukiuweka huo kwenye mizani hiyo hiyo, chuma ndicho chepesi. Nimewaona watu wazima wakirudia kupima mara mbili kwa kutoamini. Ipo pia mitutu ya kaboni iliyokondeshwa ili ishindane na huo mwembamba, lakini ukiikondesha umeutoa ule unene uliokuwa unaulipia.

Na bunduki nyepesi ya chuma si jambo geni. Winchester walitoa Featherweight yao ya Model 70 mwaka 1952, na Tikka T3x Lite ya Wafini ina kama kilo 3 bila darubini, mtutu wa chuma mtupu, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia. Hata wazo la kufunga nyuzi juu ya bomba jembamba la chuma si la juzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Winchester hao hao waliuza shotigani yao Model 59 yenye mtutu uliofungwa nyuzi za kioo, faiba ile ile ya boti za kwetu, na walijisifu kwamba kila mtutu una maili 500 za nyuzi. Haikudumu sokoni. Kaboni ndiyo iliyokuja kulifufua wazo kwenye raifali: Christensen Arms ya Utah ilianzishwa mwaka 1995, na baadaye Proof Research ya Columbia Falls, Montana, ikaifanya kuwa kitu cha kila duka.

Sasa tuje kwenye joto, maana hapa ndipo maneno ni mengi kuliko vipimo.

Nianze na hesabu ya haraka, makadirio tu ya fundi. Risasi moja ya .300 Winchester Magnum inachoma baruti ya karibu gramu 4.7. Ndani ya baruti hiyo kuna nishati ya kama kilojuli 18. Robo na ushee inaondoka na risasi, sehemu kubwa inatoka mdomoni kama moto na kishindo, na robo nyingine hivi inaingia kwenye ukuta wa mtutu. Hizo ni kilojuli 4 na nusu. Mtutu mwembamba wa kilo 1.2 ukizipokea, joto lake linapanda karibu nyuzi 8 za Selsiasi. Mnene wa kilo 2 unapanda kama nyuzi 5. Piga risasi kumi mfululizo na utaona kwa nini wa kwanza huwezi kuushika.

Wa kaboni je? Watengenezaji wengine husema unapoa haraka kuliko chuma. Nyuzi za kaboni zenyewe, zipo za aina ambazo kweli zinapitisha joto vizuri kufuata urefu wake. Ila joto linatoka ndani kwenda nje, yaani linakatiza nyuzi na kupita kwenye gundi, na epoksi ni kizuizi kikubwa cha joto. Chuma cha 416 kinapitisha joto mara kadhaa zaidi kuliko mkusanyiko wa kaboni na epoksi kwa upande huo. Kwa hiyo sekunde za kwanza baada ya kupiga, joto lote limekaa kwenye lile bomba jembamba la chuma la milimita 3. Baadaye linatoka, pole pole.

Nina rafiki wa Bukavu, tunaenda wote uwanja wa shabaha ulio nje ya mji. Anayo bunduki ya 7mm PRC, kalibari iliyotoka mwaka 2022, yenye mtutu wa kaboni. Nzuri, sikatai. Siku moja alipiga risasi kumi bila kupumzika, akauweka mkono juu ya mtutu, akaniita: "Njoo gusa, iko baridi!" Nikagusa. Vuguvugu, kweli. Nikamwomba afungue bolti, tukahakikisha chemba iko tupu, nikaingiza waya wa kipimajoto cha karakana kupitia nyuma. Ndani ulisoma zaidi ya nyuzi 60. Tukakaa dakika kadhaa tunakunywa chai ya tangawizi kwenye thamosi, tukagusa tena kwa nje. Sasa ulikuwa na joto kuliko mwanzo, na hakuwa amepiga hata risasi moja ya ziada.

Si ubaya huo, mradi ujue. Mtutu wa chuma ukipata moto unakwambia: hauguswi, na hewa ya juu yake inachezacheza ndani ya darubini hadi shabaha inaonekana inaogelea. Wa kaboni haukwambii. Faida yake ni kwamba ule mchezo wa hewa unachelewa, unaona vizuri kwa risasi nyingi zaidi. Hasara yake ni kwamba mtu anaendelea kupiga akidhani mambo ni shwari, huku koo linaungua.

Koo la mtutu, yaani zile sentimita za kwanza mbele ya chemba, ndipo mtutu unapofia. Moto wa baruti ukiwa katika ukali wake unalamba hapo kila mara, chuma kinapasuka nyufa ndogo ndogo, kisha kinamomonyoka. Kwenye mtutu tuliokata, kamera ya waya ilionyesha michirizi ya koo imefutika kabisa wakati mdomoni bado ilikuwa kama mipya. Kalibari za wastani kama .308 huenda risasi elfu kadhaa kabla ya hapo. Hizi magnamu huenda elfu moja na mia kadhaa, chini ya hapo kama mwenye nayo ana pupa. Kaboni haizuii hilo hata kidogo, maana chuma cha koo ni kile kile. Tofauti ni kwamba ukishakufa unatupa kitu cha karibu dola 900 badala ya cha dola 400, kabla hujalipa fundi.

Kuna jambo la pili la joto ambalo wauzaji hulipita kimya. Chuma kikipata joto kinarefuka. Kaboni kufuata urefu wa nyuzi zake hairefuki karibu chochote. Mtutu wa sentimita 60 ukipanda nyuzi 50, chuma kinataka kurefuka kama theluthi ya milimita. Ni kidogo, lakini vitu viwili vimegandishwa pamoja kwa gundi na kimoja kinavuta, kingine kinakataa. Mtengenezaji mzuri analijua hilo, ndiyo maana unakuta nyuzi zimelazwa kwa pembe mbalimbali kama nilivyoona kwenye kipande changu. Pembe zile zimepigiwa hesabu ili mvutano ukae sawasawa pande zote. Mtengenezaji wa bei rahisi anafunga tu, inapendeza kwa macho. Mtutu wake ukiwa baridi unapiga vizuri, ukipata moto matundu ya risasi kwenye shabaha yanaanza kuhama kwenda upande mmoja.

Usidhani chuma kimesalimika na ugonjwa huo. Mitutu mingi michirizi yake huchorwa kwa kusukuma kitufe kigumu ndani ya tundu, na chuma kinabaki na mkazo. Ukiukereza nje baada ya hapo ili uwe mwembamba bila kuupumzisha kwenye tanuru, tundu linaweza kufunguka kidogo kuelekea mdomoni, na mtutu ukipata joto unajipinda. Hilo ndilo lililoipa mitutu myembamba sifa mbaya. Mwembamba uliopumzishwa vizuri hauhami hivyo. Ninao mmoja ambao nikiupiga risasi tatu za haraka kwa mita 100 zote zinaingia kwenye nafasi ya sentimita 3. Ya nne na ya tano zinaanza kutanuka.

Ya nne na ya tano. Nani anazihitaji? Elki hasimami akingoja. Kule Flat Tops, milima ya Colorado ninakowinda, kwenye urefu wa mita 3,000 na kupanda, unalala kwenye theluji alfajiri, mtutu una baridi ya usiku kucha, vidole vimekufa ganzi. Nasema bismillahi kabla ya kufyatua, maana nyama hiyo italiwa na nyumba kadhaa za Waislamu wa Aurora na siku hizi wananiuliza. Inakwenda risasi moja. Ikibidi, ya pili, mnyama akiwa bado amesimama. Baada ya hapo ni kisu, mifuko ya nyama na kubeba, paja moja moja, hadi gari lilipo. Kwa kazi hiyo kitu ninachotaka kujua kuhusu mtutu ni kimoja: risasi ya kwanza kutoka mtutu wenye baridi inakwenda wapi, na je, itakwenda hapo hapo wiki ijayo? Nimeona chuma chembamba na kaboni nene zote zikijibu vizuri. Zote mbili.

Anayepata faida ya kweli kwenye kaboni ni mtu mwingine. Ni yule anayepiga mbali, uwanjani na kwenye mashindano ya mabonde, risasi kumi kumi, halafu anataka bunduki ile ile aibebe milimani. Na kuna huyu wa siku hizi, mwenye kizuia sauti. Huyu wa pili ameongezeka sana kwetu karakana. Tangu mwaka 1934 kizuia sauti kilikuwa na kodi ya shirikisho ya dola 200. Kuanzia Januari 1, 2026 kodi hiyo imekuwa sifuri, ingawa fomu na uchunguzi vimebaki. Kila mtu sasa anataka thredi mdomoni.

Hapa niruhusuni niongee kama fundi kidogo, maana ndipo ninapoumizwa kichwa. Thredi ya kawaida ya vizuia sauti vya raifali ina kipenyo cha inchi 5/8, sawa na milimita 15.9. Mtutu mwembamba una milimita 14 au 15 mdomoni. Hauingii. Mteja ananiambia basi kata ile ndogo ya nusu inchi. Inawezekana kwa kalibari ndogo, lakini kwa .30 hesabu haikubali: ukishakata thredi, chini ya meno unabaki na milimita 11.6, ukitoa tundu la 7.8, ukuta unaobaki kila upande hauzidi milimita 2. Hapo unataka kuning'iniza kizuia sauti, kopo la gramu 400 ambalo kila risasi inalivuta mbele. Hata likikaa, bega la kulizuia lisipinde halipo, na kopo likipinda nusu digrii risasi inagusa kuta zake za ndani. Mimi kazi hiyo siichukui. Mtutu wa kaboni umeshamaliza tatizo hilo kiwandani, maana mdomoni pana bega pana la chuma, na mwili mnene hauyumbishwi na kopo. Ukiukata inchi 20 na kufunga kizuia sauti, urefu wote unakuwa kama wa bunduki ya zamani yenye mtutu wa inchi 26, na uzito unabebeka. Kwa mtu huyo kaboni inastahili bei yake.

Mjomba wangu hayuko kundi hilo. Yuko Itigi, na ujana wake wote aliumalizia Rungwa akifuata nyayo kwa ajili ya wageni wa makampuni ya uwindaji. Nikimpigia simu, baada ya shikamoo na habari za mvua, lazima aniulize naunda nini. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mpwa wangu, hiyo faiba ikigonga jiwe?"

"Inategemea imegongaje, mjomba."

"Ya chuma haitegemei."

Ana hoja. Mtutu wa chuma ukiburuzwa kwenye mwamba unapata mkwaruzo. Unausugua, unaupaka mafuta, kesho unawinda. Kaboni ikipigwa na ncha kali nyuzi zinakatika, na ikipigwa na kitu butu tabaka zinaweza kuachana ndani huku juu pamebaki pazuri, kama boti ya faiba iliyobamiza mwamba Pangani: rangi haijabanduka, lakini ukigonga kwa kidole inajibu sauti ya utupu. Mtutu haupasuki kwa hilo, shinikizo linabebwa na chuma, lakini usawa wa ule mvutano niliousema umeharibika, na hakuna fundi wa mtaani wa kuurekebisha. Kwa upande mwingine kaboni haishiki kutu. Chuma chenye kromu na molibdeni, kile cheusi cha bunduki nyingi za bei nafuu, kikiachwa kwenye ala yenye unyevu juu ya farasi siku mbili kinaota vidoti vyekundu.

Bunduki aliyoizoea mjomba ni .375 ya Holland & Holland, kalibari ya mwaka 1912 ambayo mpaka leo ndiyo kiwango cha chini cha kumpiga mbogo Tanzania. Mbogo anapigwa karibu, mara nyingi chini ya mita 100, porini kwenye miti. Hapo hutaki bunduki nyepesi. Teke la .375 linahitaji uzito wa kulimeza, na ukigeuka ghafla unataka mtutu uliotulia mbele unaokwenda unakoupeleka. Gramu 600 unazozitoa kwa dola mia tano utajuta kuzitoa mnyama akiwa anakuja. Wageni wa Kimarekani wanaokwenda na bunduki za kaboni, mjomba anasema, nyingi ni za kumpigia swala na pofu wa mbali, na hapo sawa. Ila alivyonisimulia, jambo la kwanza wafuata nyayo wanalotazama kwa mgeni si bunduki yake, ni anavyoishika anapotembea.

Bei nimeigusa juu juu. Mtutu wa chuma wa mtengenezaji mzuri, kabla ya kuchongwa, ni dola 350 hadi 450. Wa kaboni ni karibu 900. Kwa tofauti hiyo unapata risasi za magnamu za kutosha mazoezi ya mwaka mzima hata kwa bei za sasa, au darubini ya daraja la juu kuliko uliyonayo. Sisemi kila mtu afanye hivyo. Wapo ambao tofauti hiyo haiwagusi mfukoni, na bunduki nzuri ni starehe kama starehe nyingine. Lakini nimechoka kumwona kijana anayeendesha lori usiku kucha akimwaga pesa kwenye kaboni kisha anawekea darubini ya dola 120.

Ukishaamua kununua, muulize muuzaji maswali ya fundi. Kipenyo mdomoni ni ngapi? Uzito wa mtutu wenyewe, kwa urefu ninaotaka, ni ngapi, na si "mwepesi kwa asilimia"? Chuma cha ndani ni aina gani, na michirizi imekatwa au imesukumwa? Thredi ni ipi? Akikosa kujibu la uzito, hiyo mizani yake imefichwa kwa sababu.

Mimi mwaka huu nimeagiza chuma. Ni 416R, inchi 22, wa unene wa kati wenye milimita 17 mdomoni, ambao utakuwa na kilo 1.4 hivi na utakubali thredi ya 5/8 siku nikiamua. Yaani uzito wa kaboni kwa nusu ya bei, na ugumu pungufu kidogo ambao kwa mita 300 sitauona. Chemba nitaichonga mwenyewe, 6.5 PRC, na mzee atasimama nyuma yangu akikagua kila hatua kama kawaida yake. Yule wa Bukavu ameshajaza fomu za kizuia sauti kwa ajili ya kaboni yake na anangoja kibali. Oktoba tutapanda Flat Tops pamoja. Tumekubaliana kwamba atakayeangusha kwanza, mwenzake ndiye abebe paja la nyuma.